Maua ya Kiangazi

Wakati wa mvua kila mtu wa Kamina ana bustani, hata mvivu. Mbegu ya zinia iliyodondoka mwaka jana inaota yenyewe kando ya ukuta, maua ya saa kumi yanasukumana mlangoni, na mvua zikielekea ukingoni ile tithonia ya njano inazishika kingo za reli mpaka inakwaruza madirisha ya mabehewa. Kuanzia Oktoba hadi Aprili maji ni ya bure, na mama yangu hakuwa mtu wa kumsifu mwenzake kwa kitu cha bure. Jirani akimwita mwezi wa Januari aje aone maua yake, mama alikwenda, akayatazama yote kwa adabu, akakubali kiti na kikombe cha maji, kisha akasema, "Ni mazuri, mama. Tutarudi tena Agosti."

Agosti ndiyo ilikuwa kipimo chake. Tarehe 1 Agosti nchini kwetu, Kongo, ni sikukuu ya wazazi: asubuhi ni ya wafu, mchana ni wa walio hai. Watu hubeba majembe, mapanga na ndoo kwenda makaburini, wakapalilia, wakasawazisha udongo, wakapaka misalaba chokaa, na mwisho wakaweka maua. Kisha hurudi nyumbani kula pamoja na wazazi ambao Mungu bado amewaacha. Aliyeichagua tarehe hiyo hakuwa mtunza bustani. Mwezi wa nane mvua imekwisha kusahauliwa, nyasi za porini zimeungua, vumbi limelala juu ya kila jani, na baridi ya usiku wa Juni na Julai, kwenye nyanda zetu za juu zaidi ya mita elfu moja, imeshamaliza kila kilicho laini. Ukitaka kumpelekea nkambo wako, yaani babu au bibi yako, shada siku hiyo, lazima uwe umelifikiria tangu mvua za kwanza za mwaka uliopita.

Na si Agosti peke yake. Mwishoni mwa Mei au ndani ya Juni huja sikukuu ya Ekaristi, ambayo sisi tuliiita Fête-Dieu kama masista walivyoiita, na watoto wa parokia tulitembea mbele ya Sakramenti tukimwaga petali njiani. Halafu 30 Juni, siku ya uhuru, shule zilitaka jukwaa lipambwe. Sikukuu zetu zote zenye maua zinaangukia kiangazi. Januari, wakati hata jalala linachanua, hakuna anayekuomba hata ua moja. Mama aliliona jambo hili mapema, na nadhani ndilo lililomfanya achague mimea yake kinyume na wenzake: hakuuliza ua ni zuri kiasi gani, aliuliza litakuwa wapi mwezi wa saba.

Nilikulia katika nyumba ya reli. Baba alikuwa mkuu wa treni, mtu wa filimbi, bendera na taa, na kampuni aliyoitumikia ilibadilishwa jina juu ya kichwa chake, ikatoka BCK ikawa KDL, na mwaka 1974 ikaingizwa katika SNCZ, lakini sanduku lake la bati la safari lilibaki lile lile. Ndani ya sanduku hilo ndimo bustani yetu ilimopita. Kamina ni njia panda ya reli. Njia iliyotoka Bukama ilipita kwetu na kufika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928; mwaka 1956 ikaongezwa ile ya kwenda Kabalo, ambako mtu anaweza kuendelea hadi Kalemie kwenye ziwa Tanganyika. Kwa hiyo kutoka Lubumbashi na Likasi, kutoka Kasai, na kutoka ziwani, treni zilikutana mjini petu, na pamoja na magunia ya mahindi, samaki wakavu na mafuta ya mawese zilishuka pingili za maua zimeviringwa katika kitambaa chenye maji na gazeti kuukuu.

Duka la maua halikuwepo. Katika utoto wangu sikumwona mtu akinunua mche wa ua. Wazo lenyewe lingemchekesha kila mtu sokoni. Maua yaliombwa. Ulipita mbele ya nyumba ya mtu, ukaona kitu kinachochanua, ukapiga hodi, ukaanza kwa habari za watoto, ukasikiliza za maumivu ya mgongo, na mwisho kabisa, ukiwa umesimama kuaga, ukasema kana kwamba ndiyo kwanza umeliona, "Mama, na hili je, munaweza kunipatia hata kitawi?" Hakuna aliyekataa, kwa sababu aliyetoa alipata haki. Pingili yako ikishika kwangu na yako wewe ikafa, ua halijapotea: unarudi kwangu, na mimi sina ruhusa ya kukunyima. Kila mwanamke wa mtaa wetu alikuwa ameweka akiba ya bustani yake kwa majirani kadhaa. Mama alikuwa na kumbukumbu ya ajabu ya madeni haya. Alisahau tarehe za kuzaliwa kwetu, lakini alijua ibiskusi nyekundu ya mke wa mlinda reli ilitoka kwa nani na mwaka gani mbuzi waliimaliza.

Mimea hii haikuwa ya kwetu kwa asili. Wabelgiji walianzisha bustani ya Eala karibu na Mbandaka mwaka 1900, na huko Kisantu Bruda Gillet, Mjesuiti, alikuwa akipanda miti na maua kutoka kila pembe ya dunia. Kutoka bustani za namna hiyo, na kutoka mizigo ya wamisionari na maofisa, maua ya Brazili, Meksiko na Madagaska yalienea hadi kwenye vibaraza vya wafanyakazi wa reli. Mama hakulijua hilo wala halikumhusu. Kwake bogenvilia ilitoka Likasi, basi.

Bogenvilia ndiyo iliyokuwa malkia wa lupango wetu, yaani kiwanja cha nyumba yetu, na ndiyo iliyonifundisha kwamba bustani inaweza kulimwa kwa kunyima. Ile karatasi ya zambarau au ya machungwa ambayo watu huiita ua si ua. Ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kile kipembe cheupe kidogo cha katikati ambacho hakuna anayekitazama. Mfaransa Commerson aliuchukua mmea huu Rio de Janeiro mwaka 1767, alipokuwa katika safari ya Bougainville ya kuizunguka dunia, akaupa jina la kiongozi wake. Pamoja naye alikuwepo Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume ili aruhusiwe melini kama msaidizi wake. Huwa nafikiri huyo mama angeelewana na mama yangu.

Siri ya bogenvilia ni kwamba ukiimwagilia sana na kuipa samadi nyingi, inashiba na kutoa majani matupu. Ikiona kiu, inachanua. Masista wa misheni walikuwa na maji, nao waliipenda bogenvilia yao kwa ndoo asubuhi na jioni, na kila Juni waliletewa petali za kwetu. Mama aliacha kuimwagilia mara baada ya Pasaka. Majani yakalegea, baba akalalamika kwamba tunaua mti, mama akanyamaza. Mwezi wa tano ukuta wote ukawaka. Agosti ikipita, alichukua panga na kuikata bila huruma, ili mvua za Oktoba zisukume matawi mapya, kwa sababu ni hayo mapya yatakayobeba rangi mwaka unaofuata. Pingili alizichagua katika mti mgumu, unene wa kidole gumba, wala si vile vichipukizi laini vya kijani ambavyo wageni huviomba kwa kuvutiwa na uzuri wake. Hivyo vichipukizi huoza.

Kwa maandamano ya Ekaristi hakuna petali iliyoifikia bogenvilia. Ni nyepesi, ni kavu, haitelezi chini ya miguu ya padre, na haiachi doa kwenye gauni jeupe la mtoto ambaye mama yake amelifua kwa sabuni ya kukopa. Tulitumwa na vikapu nyumba hadi nyumba siku moja kabla, na hapo ndipo heshima ya mtaa ilipojulikana. Kuna mama mmoja aliyetupa kila mwaka majani ya mwembe yaliyokatwa vipande vidogo, tuyachanganye na maua ya wengine ili naye awe ametoa. Tuliyachanganya. Mungu hakulalamika.

Ua la 30 Juni lilikuwa lingine. Kwenye kadi za Ulaya, lile ua lenye majani mekundu kama nyota huchorwa pamoja na theluji na huitwa ua la Noeli. Kwetu pia masista waliliita hivyo, ingawa Noeli ilipofika lilikuwa kijani kitupu kutoka chini hadi juu. Ua hilo, poinsetia, huhesabu usiku. Usiku ukiwa mrefu vya kutosha, wiki baada ya wiki, majani ya juu yanageuka mekundu. Huko Meksiko lilikotoka, na Ulaya lilikopelekwa, usiku mrefu ni wa Desemba. Kamina iko kusini mwa ikweta karibu nyuzi tisa, na usiku wetu mrefu ni wa Juni. Basi ua la Noeli la Wazungu likawa ua la uhuru wetu, na mwaka baada ya mwaka jukwaa la shule lilipambwa kwa ndoo za poinsetia, utomvu wake mweupe ukitiririka na kugandisha vidole vyetu.

Sisi tulikuwa na shina moja karibu na baraza, na upande wake mmoja ulikataa kuwa mwekundu. Mama aliupa majivu, akaupa samadi, akaubadilishia udongo. Kaka yangu mkubwa, ambaye sisi tulimwita yaya, ndiye aliyeligundua jambo: upande wa kijani ulikuwa unatazama balbu ya barazani, na mti ulidhani hakujawa usiku. Kisha ukaja mwaka ambao umeme ulikatika kwa wiki nyingi mfululizo. Poinsetia ikawa nyekundu pande zote. Ni faida pekee ya giza lile ninayoweza kuikumbuka.

Mengine yalipata nafasi kwa sababu za kawaida zaidi. Kanna zilipandwa mahali maji ya bafu yalipotokea nyuma ya nyumba; zinakunywa maji ya sabuni bila kinyongo, na mbegu zake nyeusi ngumu kama risasi tulizitoboa na kuzitunga shanga. Pervanshi ya Madagaska, ile ndogo ya waridi, inaota hata kwenye ufa wa saruji, mbuzi wanaikwepa, na inachanua mwaka mzima bila kuombwa. Mama aliidharau kidogo kwa kuwa rahisi mno, mpaka niliposoma shuleni kwamba watafiti wa Kanada katika miaka ya 1950 walipata ndani yake dawa dhidi ya saratani. Tangu siku hiyo aliipalilia. Franjipani ilitoka Kalemie. Pingili yake huachwa kivulini wiki moja au mbili mpaka jeraha likauke, la sivyo itaoza ardhini, na mtu asiye na subira hawezi kuwa nayo. Mwezi wa Agosti inasimama bila jani hata moja, mikono mitupu imeelekezwa juu, lakini mama aliipanda hata hivyo, makaburini na si nyumbani, akidai kwamba wafu wanajua kusubiri Oktoba.

Waridi, hapana. Alijaribu, mchwa wakala mizizi, madoa meusi yakala majani, mbuzi wakala kilichobaki. "Ua linalotaka mlinzi na daktari," alisema, na hilo likaisha.

Aliwahi pia kukataa ua zuri kuliko yote niliyoyaona. Baba alilileta kutoka Lualaba ndani ya chungu chenye maji: gugu-maji, lenye ua la zambarau na jicho la njano kama la manyoya ya tausi. Tuliliweka katika nusu pipa uani. Halikuomba chochote, wala udongo, wala mbolea, wala kivuli, na kabla mwezi haujapita halikuacha hata nafasi ya kuona maji. Mmea huo ulitoka Amerika Kusini ukabebwa duniani kote kwa ajili ya mabwawa ya bustani, na katika miaka ya 1950 uliutanda Mto Kongo kiasi cha kuzuia meli. Serikali ya kikoloni ilinyunyizia dawa na haikuumaliza. Baba alituambia jinsi wavuvi wanavyousukuma kwa mitumbwi. Mama alisikiliza, akanyanyuka, akaumwaga wote kwenye shimo la takataka na kuufunika majivu. Sijui kwa nini jambo hili limenikaa zaidi kuliko mengine. Labda kwa sababu ndilo ua pekee lililofaulu mtihani wake wote, na bado akalitupa.

Na lilikuwepo moja lililofeli mtihani wote, naye akalitetea kuliko malkia.

Upande wa Kabongo, kijijini kwa mama yake, msitu wa miyombo una maua ambayo hakuna aliyeyapanda. Mvua za kwanza zikinyesha, kabla hata ya jani kutoka, ardhi nyeusi iliyoungua inapasuka na kutoa tufe jekundu la maua mamia juu ya shina moja. Hilo mbuzi hawaligusi, kwa kuwa kitunguu chake kina sumu. Baadaye, mvua zikiwa katikati, anatoka gladiolasi wa porini, mrefu kama mtoto wa miaka minane, maua yake mekundu na njano yamejikunja kama kofia za watawa. Nkambo alisema kwamba mwaka wa njaa vitunguu vyake vililowekwa majini siku kadhaa, vikapikwa. Hakuna aliyeshangaa. Katanga ni nchi ambako hata mizizi ya okidi huchimbwa mabondeni, ikatwangwa na karanga, ikapikwa kuwa kikanda na kukatwa vipande sokoni. Ua la kutazama tu ni anasa ya watu wa mjini.

Mama alichimba vitunguu hivyo vya gladiolasi siku ya msiba mmoja kijijini, akavileta Kamina ndani ya kitambaa cha kichwani, akavipanda mbele kabisa, kando ya mlango. Majirani walikuja. "Mama, mumepanda nyasi za pori?" Alijibu kwamba ndiyo. Ulikuwa uteuzi wa aibu kwa kanuni zake mwenyewe: gladiolasi alichanua Januari au Februari, wakati ambao hakuna anayehitaji ua, na kuanzia Mei akajificha ardhini, mahali pake pakabaki pa vumbi na vijiti vya kuonya watoto wasikanyage. Agosti hakuwa na chochote cha kutoa.

Mmoja wa masista alipokea kutoka Ubelgiji mfuko wa vitunguu vya gladiolasi wakubwa, weupe na wa waridi, akawapanda mbele ya kanisa. Walikuwa wazuri kweli, wima kama askari kwenye gwaride. Mama alipelekwa kuwaona. Aliinama, akachungulia ndani ya ua moja, akagusa jani lenye umbo la upanga, akasema, "Sista, hawa ni ndugu za wangu wa mlangoni." Sista alicheka kwa upole, kama mtu anavyocheka anapoambiwa kwamba mbwa wake anafanana na simba.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na maktaba karibu, nilisoma habari zake. Gladiolasi wa bustani za Ulaya wanatokana kwa sehemu kubwa na chotara aliyeanza kuuzwa na mfanyabiashara wa mimea Louis Van Houtte, mjini Ghent, Ubelgiji, mwaka 1841, na mmoja wa wazazi wa chotara huyo ni gladiolasi yule yule mwekundu na njano anayeota kuanzia Afrika Kusini, kupitia miyombo yetu, hadi Ethiopia. Wataalamu wanamwita *Gladiolus dalenii*, kwa heshima ya mkuu wa bustani ya Rotterdam ambaye hakuwahi kufika Kabongo. Nilimsomea mama habari hizo kwa Kiswahili, polepole. Hakushangaa hata kidogo. Alitaka tu kujua kwa nini Wabelgiji, walipokuwa wakituletea vitunguu hivyo kwa meli na treni, hawakusema.

Wale wa sista walipungua msimu hadi msimu mpaka wakatoweka. Wa mlangoni aliendelea kutengeneza kitunguu kipya juu ya kile cha zamani, na vitoto pembeni, na mama akavigawa. Katika mtaa wetu leo wapo watu wenye gladiolasi wa pori mlangoni ambao hawajui kwamba zamani ilikuwa aibu.

Habari za 1992 na 1993 sitazieleza kwa kirefu. Wapo wanaoweza kuzieleza vizuri kuliko mimi. Watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wazaliwa wa Katanga, walifukuzwa katika miji ya migodi na reli, na treni zilizowabeba kuelekea Mwene-Ditu na Kananga zilipita kwetu zimejaa kupita kiasi. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa mmoja wao. Tulimwita Mama Mapasa kwa ajili ya mapacha wake. Alizaliwa Likasi, aliolewa Kamina, na Kasai aliijua kwa hadithi za baba yake.

Usiku wa mwisho hakuja kulia. Alikuja na panga na taa ya mafuta, akamwita mama ukutani, wakaanza kukata. Kila alichokuwa nacho alikikata pingili mbili: moja akampa mama, nyingine akaiviringisha katika kitenge chenye maji na kuiingiza kwenye sufuria, kati ya masufuria mengine aliyokuwa akiyafunga kwa safari. Bogenvilia yake ya machungwa, ambayo kwetu haikuwahi kushika. Ibiskusi ya maua mawili ndani ya moja. Franjipani ya waridi. Walizungumza maneno machache sana, na yote yalikuwa ya bustani. Hii usiipe maji mengi. Hii subiri mpaka ikauke. Mimi nilishika taa. Mwishoni Mama Mapasa akasema, "Na yule mtoto wangu wa makaburini, unajua mahali pake." Mama akasema anajua.

Mama alizipanda pingili hizo katika mstari wa peke yake, kando ya ukuta ule ule, na hakuzichanganya na zetu. Hatukuruhusiwa kuchuma humo kwa Fête-Dieu wala kwa shule. Zilichumwa asubuhi moja tu kwa mwaka, tarehe 1 Agosti, na shada lilibebwa peke yake mkononi mwa mama hadi kwenye kaburi fupi upande wa chini wa makaburi, ambako mwenyewe alikuwa amepaka chokaa msalaba. Mara ya kwanza mtu mmoja alimuuliza, kwa sauti isiyo nzuri, huyo ni mtoto wa nani. "Wa kwangu kwa leo," alijibu, akaendelea kupalilia.

Salamu zilipita baadaye kwa mdomo, kupitia watu wa treni: bogenvilia imeshika Kananga, franjipani imekufa njiani. Mama akatuma nyingine. Ilichukua muda mrefu, treni zikiwa za kusuasua, na haikujulikana kama ilifika. Ila siku moja, mimi nikiwa tayari naishi Lubumbashi, mmoja wa wale mapacha alipiga hodi kwa mama, mtu mzima mwenye ndevu, akiwa safarini. Alikaa, akala bukari, yaani ugali, na samaki, akaulizwa habari za mama yake, akasema yu mzima, magoti tu. Alipokuwa anaaga, mama alimwahi. Pingili ya franjipani ilikuwa imeshakatwa tangu alipoingia, imekaa kivulini inakauka.

Huku Lubumbashi sasa maua yananunuliwa. Kandokando ya barabara vijana wamepanga miche ndani ya vifuko vyeusi vya plastiki, wanaijua kwa majina ya Kifaransa na kwa bei, na wanaweza kukuambia ipi inataka jua na ipi inataka kivuli. Siwalaumu, wengine ni hodari, na nimenunua kwao waridi ambazo mama angezikataa. Kamina nayo imebadilika tangu mwaka 2015 ilipokuwa makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Wageni wamekuja na kazi, nyua zinamwagwa saruji ili vumbi lisiingie sebuleni, na saruji haina mjadala na bogenvilia. Nikimpigia mama simu Julai, ananieleza kwanza nini kimechanua, kisha nani amekufa.

Mwaka juzi mke wa mdogo wangu alimnunulia shada la kupeleka makaburini, la plastiki, waridi nyekundu na majani yanayong'aa, la bei si ndogo. Alilieleza kwa furaha, naye alikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana amemtunza mama kuliko sisi tulio mbali. "Mama, haya hayaombi maji. Mbuzi hawayali, mchwa hawayagusi, na kuanzia Agosti hii hadi Agosti ijayo rangi ni ile ile."

Mama alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuza, akalitazama chini pale ambapo shina linaishia kwenye waya.

"Ni mazuri, mwanangu. Aksanti," alisema. "Na mtu akija kukuomba pingili yake, unamkatia wapi?"